Ukiona Wingu Laelea, Limeundwa

Neno moja halikosi siku hizi katika mikutano ya mabodi ya shule, vyama vya akiba na mikopo, hospitali na hata afisi za kaunti. Neno hilo ni wingu. Mwenyekiti hulitaja, mhasibu akatikisa kichwa kukubali, na aghalabu kikao huishia kwa azimio kwamba shirika lihamishe kazi zake zote za tarakilishi hadi "winguni" kabla ya mwaka wa fedha kumalizika. Ni nadra kumsikia mjumbe akiuliza wingu lenyewe liko wapi, ni la nani, na siku likipasuka mvua yake itamnyeshea nani.

Jina hili lina hila ndani yake. Lilitokana na michoro ya mafundi wa mitandao ambao, walipofika sehemu wasiyohitaji kuieleza kinaganaga, walichora wingu wakaendelea na kazi. Tangu mwanzo, basi, wingu lilikuwa alama ya kitu ambacho mchoraji ameamua kutokieleza, nasi tuliolipokea jina hilo tumeridhika kutokieleza vilevile. Lakini wahenga wetu, ambao waliijua bahari na vyombo vyake, walituachia kipimo kizuri cha mambo ya namna hii: ukiona vyaelea, vimeundwa. Wingu la tarakilishi halielei angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa mitambo, betri, feni na nyaya. Yamesimama juu ya ardhi ya nchi fulani, yanatumia umeme wa nchi hiyo, yanatii sheria zake, na yana mwenyewe anayetafuta faida.

Hoja yangu leo ni moja. Shirika linaweza kukodi mitambo ya mwingine, lakini haliwezi kumkabidhi mwingine dhamana yake. Rekodi za mwanafunzi, akiba ya mwanachama na faili ya mgonjwa hubaki kuwa amana mikononi mwa yule aliyezipokea, ziwe zimehifadhiwa Nairobi, Cape Town au Ireland. Shirika litakalohama huku likilijua hilo litafaidika. Litakalohama kwa nia ya kuutua mzigo litashangaa kuukuta mzigo ule ule mabegani, mara hii ukiwa na ankara ya kila mwezi.

Tuanze kwa maana. Mwaka wa 2011 NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango na teknolojia, ilitoa ufafanuzi unaotumiwa sana hadi leo. Kwa mujibu wake, huduma ya wingu ina sifa tano: mteja hujichukulia huduma mwenyewe bila kumsubiri fundi, huifikia kupitia mtandao, hutumia mitambo inayotumiwa pia na wateja wengine, huweza kuongeza au kupunguza kiasi kwa haraka, na hupimiwa matumizi yake kama tunavyopimiwa maji na umeme. Kinachokosa sifa hizi si wingu, hata kama muuzaji amekipamba kwa jina hilo.

Ufafanuzi huo ulizigawa huduma katika matabaka matatu, na mfano wa nyumba unatosha kuyaeleza. Tabaka la kwanza ni kama kukodi nyumba tupu. Unapewa kuta, paa, maji na umeme, lakini vitanda, mapazia na kufuli za vyumba ni juu yako. Hapa shirika hukodi mitambo na nafasi ya kuhifadhi, kisha likajiwekea programu zake lenyewe. Tabaka la pili ni kama kukodi nyumba yenye jiko na vyombo: mafundi wako huja na mapishi yao tu, yaani programu walizoziandika, na mwenye nyumba hushughulikia mengine. Tabaka la tatu ni kama kulala hotelini. Kila kitu ki tayari, na kazi yako ni kufungua mlango na kuingia. Shule inayotumia programu ya kutayarisha ripoti za wanafunzi au kufuatilia karo kupitia intaneti tayari imelala hotelini, ijapokuwa bodi yake haijawahi kupitisha azimio lolote kuhusu wingu. Anayelala hotelini hapiki wala hafagii, lakini pia hachagui mapishi, na siku ya kuondoka hawezi kubeba kitanda.

Nisieleweke kwamba naipinga safari hii. Sababu za kuhama zipo, tena ni nzito. Kuna mashirika mengi ambayo seva yake imo katika chumba kidogo chini ya ngazi, pamoja na makatoni ya karatasi na ndoo ya kupigia deki. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipozimika karibu nchi nzima, hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi uliathirika. Je, chumba cha chini ya ngazi kina kinga gani? Isitoshe, kuna kazi ambazo uzito wake huja kwa siku chache tu. Matokeo ya mtihani wa kitaifa yakitangazwa, watu wengi mno huyatafuta kwa saa zile zile. Kununua mitambo ya kuhimili siku hiyo moja, kisha ikalala mwaka mzima, ni ubadhirifu. Kukodi nguvu hiyo kwa siku tatu na kuirudisha ni busara.

Wako pia wanaoamini kwamba kitu kilicho ndani ya nyumba yako ndicho kilicho salama. Wao nao hawana budi kuitazama Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha serikali cha kuhifadhi data jijini Daejeon, chanzo kikiwa betri. Mifumo 709 ya serikali ilizimika. Mojawapo ya iliyoteketea ni hifadhi ambamo watumishi wa umma walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi, yenye takriban terabaiti 858, na haikuwa na nakala mahali pengine popote. Hifadhi hiyo ilikuwa mali ya serikali yenyewe, ndani ya jengo la serikali, chini ya ulinzi wa serikali.

Hata hivyo, mawingu ya kukodi nayo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea lote. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi baada ya usumbufu. Wasiokuwa nazo, ambao wengine walidhani kwamba neno wingu lenyewe lina maana ya usalama, walipoteza data zao moja kwa moja. Mioto hii miwili, mmoja katika nyumba ya kujengewa na mwingine katika nyumba ya kukodi, inatufunza kwamba swali la kukodi au kumiliki si swali la kwanza. Swali la kwanza ni nani ana orodha ya amana zilizomo, na nani amehakikisha kwamba zina nakala.

Ndiyo maana hatua ya mwanzo ya shirika lolote linalotaka kuhama si kumwita muuzaji bali ni kufungua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mfano wa shule ya sekondari ya kawaida. Hesabu za karo zimo katika kompyuta ya mhasibu. Alama za mitihani zimo katika kompyuta ya mwalimu anayesimamia masomo, na nakala nyingine, isiyolingana na ile ya kwanza, imo katika kifaa kidogo anachokibeba mfukoni. Kumbukumbu za ugonjwa wa wanafunzi zimo katika daftari la muuguzi. Picha za sherehe zimo katika simu za walimu watatu. Barua za wizara zimo katika anwani ya barua pepe aliyoifungua naibu wa mwalimu mkuu aliyekwisha kupewa uhamisho. Shule hii ikiamua kuhamia winguni leo, itahama na nini?

Kila kitu katika orodha hiyo kinapasa kuulizwa maswali machache: ni cha nani, nani hukitumia na lini, kikikosekana kwa siku moja nani ataumia, na kinategemea nini. Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Programu ya karo huenda husoma majina ya wanafunzi kutoka programu ya mitihani iliyo katika afisi ya pili. Ukiihamisha moja na kuiacha nyingine, zote mbili zitachechemea. Baada ya maswali hayo vitu hujipanga vyenyewe katika mafungu manne: vya kuhamishwa jinsi vilivyo, vya kubadilishwa kabla ya kuhamishwa, vya kubaki vilipo, na vya kutupwa. Si ajabu fungu la kutupwa likawa kubwa kuliko yote. Mtu mwenye akili hapakii takataka katika lori la kuhamia nyumba mpya, hasa ikiwa nyumba hiyo hutozwa kodi kwa kila kitu kinachowekwa ndani.

Baada ya daftari ni kufuli. Wengi hufikiri kwamba wakishakodi kwa kampuni kubwa, usalama wote huwa kazi ya kampuni hiyo. La hasha. Kampuni hulinda jengo, mitambo na nyaya. Nani apewe ufunguo, mlango upi ubaki wazi na neno la siri liweje ni mambo ya mpangaji. Mwaka wa 2019 benki ya Marekani iitwayo Capital One, iliyokuwa imehamishia kazi zake katika wingu la Amazon, ilitangaza kwamba mdukuzi alikuwa amefikia habari za watu wapatao milioni 100 nchini humo na milioni 6 nchini Kanada. Mdukuzi alipitia kinga ambayo ilikuwa imepangwa vibaya upande wa benki. Mwaka uliofuata msimamizi wa mabenki aliitoza faini ya dola milioni 80. Aliyetozwa ni benki, mpangaji, wala si mwenye nyumba. Sheria ilitambua kwamba amana ilikuwa ya benki.

Sheria yetu nayo haina msamaha katika jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humwita anayekusanya habari za watu na kuamua zitumiwe vipi kuwa ndiye mwenye wajibu, hata akimpa mwingine kazi ya kuzihifadhi. Habari hizo zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, yoyote iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Yeyote anayedhani kwamba shule ziko nje ya mkono wa sheria hiyo na akumbuke kwamba Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Kuna jambo la ziada linalowahusu walimu moja kwa moja. Kanuni za mwaka wa 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinataja shughuli chache ambazo data zake zinapaswa kushughulikiwa katika kituo kilicho ndani ya Kenya, au angalau nakala moja inayotumika ihifadhiwe humu nchini. Miongoni mwazo ni usajili wa raia, uchaguzi, matibabu ya msingi, na elimu ya msingi. Kwa hivyo mwalimu mkuu anayetia sahihi mkataba wa programu ya kuhifadhi rekodi za wanafunzi ana haki, na kwa kweli ana wajibu, wa kumuuliza muuzaji: data za watoto hawa zitalala wapi? Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka wa 2019, Amazon ikafuata mwaka wa 2020 na Google mwaka wa 2024. Hayo ni maendeleo, ila Johannesburg si Kenya. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo kwa maandishi hafai kuaminiwa na jina hata la mtoto mmoja.

Njia ya kulifikia wingu nayo yahitaji kutazamwa. Kabla ya mwaka wa 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea setilaiti. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na mwaka uliofuata ukaja waya wa EASSy. Bila nyaya hizo mazungumzo haya ya wingu yangekuwa ndoto. Lakini Jumapili tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko katika eneo hili. Data zote zilikuwa salama huko ziliko. Barabara ndiyo iliyokatika. Shirika linalohama linapaswa kuamua mapema ni kazi zipi lazima ziendelee barabara ikikatika. Zahanati haiwezi kumwambia mgonjwa arudi waya utakapotengenezwa. Kwa kazi kama hizo ni lazima pawe na njia ya pili ya intaneti kutoka kampuni tofauti inayotegemea nyaya tofauti, au utaratibu wa kuandika habari papo hapo na kuzipeleka baadaye. Na kwa shule iliyo mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, huenda jawabu la busara ni kuendelea na seva ndogo shuleni na kupeleka winguni nakala za usiku tu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Fedha nazo zina hesabu yake, na hapa ndipo mabodi mengi huteleza. Seva ikinunuliwa, gharama huumiza mara moja kisha husahaulika. Huduma ya wingu huja taratibu kama kodi ya nyumba, haina mwisho, na hupimwa kwa matumizi. Programu moja iliyoachwa ikifanya kazi usiku kucha bila sababu hulipiwa kama taa iliyosahauliwa ikiwaka. Zaidi ya hayo, huduma nyingi za kampuni kubwa hupangiwa bei kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 dola moja ilipatikana kwa takriban shilingi 113. Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi karibu shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 mwaka huo huo. Shirika lililokuwa likilipa dola 1,000 kwa mwezi liliiona ankara yake ikiruka kutoka shilingi 113,000 hadi 160,000 bila kuongezewa huduma hata moja. Shule haiwezi kuwapandishia wazazi karo katikati ya muhula kwa sababu ya dola. Bajeti ya wingu, kwa hivyo, lazima iwe na akiba, iwe na kikomo, na iwe na mtu mmoja anayeisoma ankara kila mwezi. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mashirika madogo yana njia moja ya kujikinga, nayo ni kwenda pamoja. Vyuo vyetu vikuu vilionyesha mfano mwaka wa 1999 kwa kuanzisha KENET, mtandao wa elimu ambao kupitia kwake vyuo hupata intaneti na huduma nyingine kwa pamoja badala ya kila kimoja kuhangaika peke yake. Shule za kaunti ndogo moja, au vyama vya akiba vya sekta moja, zikikaa meza moja na muuzaji zitapata masharti ambayo shule moja haiwezi hata kuyaota.

Kisha kuna mwendo. Benki ya TSB ya Uingereza ilikuwa ikitumia mfumo iliokodi kwa mmiliki wake wa zamani, na Aprili 2018 ikaamua kuwahamisha wateja wake wapatao milioni 5 hadi mfumo mpya wa mmiliki wake mpya, wote kwa wikendi moja. Haikuwa safari ya kwenda winguni hasa, ila funzo lake ni la kila anayehama. Data zenyewe zilifika salama, lakini mfumo mpya haukuweza kuwahudumia wenyewe. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na hali haikutulia kabisa hadi Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu aliondoka. Mwaka wa 2022 wasimamizi waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba benki haikuwa tayari na kwamba majaribio hayakutosha. Tarehe ilikuwa imetangulia, na maandalizi yakalazimishwa kuifuata.

Linganisha na Netflix, kampuni ya filamu. Agosti 2008 hifadhidata yake iliharibika, na kwa siku tatu ikashindwa kuwatumia wateja filamu zao. Iliamua kuhamia wingu la Amazon, na ilikamilisha safari hiyo Januari 2016, baada ya takriban miaka saba. Haikubeba vitu vyake kama vilivyo na kuvitua upande wa pili, kwa kuwa ingekuwa imebeba na matatizo yake yote. Ilianza na sehemu ambazo zikianguka hazingemwumiza mteja, ikajifunza, ikajenga upya karibu kila kitu, na hesabu za malipo zikaachwa za mwisho. Ikiwa kampuni yenye wahandisi hodari na fedha za kutosha ilichukua miaka saba, ni nani aliyeiambia kaunti yetu kwamba itamaliza kabla ya mwezi wa Juni?

Shirika la kawaida halihitaji miaka saba. Linahitaji utaratibu ule ule kwa kipimo chake. Lianze na jambo dogo, kwa mfano barua pepe au nakala za nyaraka. Mfumo wa zamani na mpya ufanye kazi sambamba kwa muhula mmoja, na matokeo yake yalinganishwe. Watumiaji wafunzwe kabla ya siku ya kuhama, si baada yake. Hata fundi wa chumba cha seva, ambaye mara nyingi hunong'onezwa kwamba wingu litamnyima kazi, aketishwe mezani tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye anayejua ni programu gani inategemea ipi, na ujuzi huo haumo katika kijitabu chochote cha muuzaji. Kazi yake itabadilika, kutoka kutunza mitambo hadi kutunza funguo, nakala na ankara, haitakwisha.

La mwisho katika mpango, na ambalo lilifaa kufikiriwa mwanzo, ni mlango wa kutokea. Mapema Mei 2024 hazina ya malipo ya uzeeni ya Australia iitwayo UniSuper, yenye wanachama zaidi ya 600,000, ilijikuta gizani. Kosa katika upangaji wa huduma yake, lililofanyika upande wa Google, lilisababisha huduma hiyo kufutwa yote, hata katika eneo la pili lililokusudiwa kuwa akiba ya la kwanza. Kwa takriban wiki nzima wanachama hawakuweza kuziona akaunti zao. Akiba zao hazikupotea, kwa sababu moja kubwa: hazina hiyo ilikuwa imeweka nakala kwa kampuni nyingine kabisa. Aliyesimamia jambo hilo huenda aliwahi kuulizwa kwa nini analipia nakala mbili za kitu kimoja. Mei 2024 ilimjibia.

Mlango wa kutokea ni zaidi ya nakala. Mteja akitaka kuondoka, atapewa data zake kwa muundo gani, kwa muda gani na kwa malipo gani? Dropbox, kampuni ya kuhifadhi nyaraka, iliondoa sehemu kubwa ya data zake kutoka Amazon na kuziweka katika mitambo yake yenyewe, ikaokoa karibu dola milioni 75 katika miaka miwili ya 2016 na 2017. Iliweza kwa kuwa ilijua inachomiliki na namna ya kukichukua. Umoja wa Ulaya nao ulitunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inayowalazimisha wauzaji wa huduma hizi kumrahisishia mteja njia ya kuhama. Sisi tusio Ulaya tunapaswa kuiandika kinga hiyo katika mkataba kabla ya sahihi. Fikiria shule iliyochelewa kulipa ankara ya programu yake katika juma la kutoa ripoti: mlango ukifungwa, alama za wanafunzi wote zitakuwa upande wa pili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na asiye na nakala hutegemea cha nduguye kila siku.

Walimu wana nafasi ya pekee katika suala hili. Wao ndio wanaowasaini watoto katika mifumo hii, wanaoingiza alama, wanaopokea simu za wazazi mfumo unapogoma. Wasingoje bodi iwaite. Na wanafunzi wa somo la kompyuta wana mradi mzuri uliowalalia mlangoni: waiombe shule yao ruhusa ya kutengeneza lile daftari tulilolitaja. Kila programu, kila nakala, kila mwenye ufunguo. Watajifunza zaidi kuhusu wingu kwa wiki mbili za kuuliza maswali afisini kuliko kwa muhula mzima wa kukariri fasili.

Bodi itakapokutana tena, basi, na neno lile likatajwa, pawe na mjumbe atakayesimama na kuuliza: Tunahama na nini? Kitalala wapi? Nani atashika funguo? Barabara ikikatika tutafanyaje? Dola ikipanda tutalipa na nini? Na tukitaka kurudi, tutarudi vipi? Yakijibiwa kwa maandishi, safari na ianze, hata kesho. Yasipojibiwa, azimio na lingoje.